Watumiaji walihamishwa, jina likabaki: historia fupi ya /usr na /home

Wiki hii tulipanga kuandika juu ya kitu kingine kabisa. Lakini kompyuta ya kikundi ilijaa, na siku nne nzima hatukuwa na mazungumzo mengine.

Wengi mnaijua ile kompyuta. Iko kwenye chumba chetu cha Nyamirambo, chini ya meza ya dirishani, ina kelele kama mashine ya kusaga. Tuliipata ikiwa imeshatumika sana, tukaweka Linux kwa sababu Windows ilikuwa inaichosha. Ilikuwa na diski moja tu ya GB 120. Watu 31 wana akaunti humo. Kila mtu ana jina lake la kuingilia, neno lake la siri, na folda yake ndani ya /home. Na mle ndani ya folda kuna nini? CV, barua za kuomba shule, vitabu vya kozi, sauti za bibi zetu tulizorekodi, picha za diploma za Bukavu na Bujumbura ambazo karatasi zake zilibaki njiani. Kwa mtu ambaye hana kompyuta yake, ile folda ndiyo kabati lake lenye kufuli.

Jumatatu dada mmoja alikuwa anamalizia maombi ya ufadhili wa masomo. Mwisho ulikuwa saa sita usiku siku hiyo hiyo. Akabonyeza kuhifadhi, kompyuta ikamjibu hakuna nafasi. Akajaribu tena, hivyo hivyo. Kaka aliyekaa kwenye zamu iliyofuata hakuweza hata kuingia: anaandika neno la siri, skrini inapepesa kidogo, inamrudisha pale pale mlangoni. Ndivyo inavyokuwa diski ikijaa kabisa. Mfumo unataka kuandika kifaili kidogo cha kukukaribisha, unakosa mahali pa kukiweka.

Tulifuta mafaili ya programu yaliyobaki baada ya kusasisha mfumo, tukapata karibu GB 1, dada akatuma maombi yake saa tatu usiku. Basi, kesho yake tukachangishana, tukanunua mjini diski ya pili iliyotumika, ya TB 1, tukakubaliana kwamba nyumba zote za watumiaji zihamie huko.

Wakati tunaangalia orodha ya folda kubwa za mfumo, mdogo wetu mmoja, mwenye miaka kumi na tano, akauliza: “Kama /home ndiyo nyumba ya watumiaji, hii /usr ni ya nani? Si ‘usr’ inafanana na neno la Kiingereza la mtumiaji?” Mmoja wetu akamjibu kwa kujiamini sana kwamba ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya “rasilimali za mfumo wa Unix”. Jibu hilo liko kila mahali. Kumbe ni jibu lililotungwa baadaye, watu walipoona jina halieleweki tena. Mtoto ndiye alikuwa na haki. /usr ilikuwa kweli nyumba ya watumiaji, na walihamishwa.

Hadithi yenyewe inaanzia Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, kwenye maabara za Bell. Mwaka 1969 maabara hizo zilijitoa kwenye mradi mkubwa ulioitwa Multics, na watafiti wachache wakabaki bila mfumo wa kufanyia kazi. Ken Thompson akaandika mfumo mdogo kwenye kompyuta ya zamani ya PDP-7 ambayo haikuwa na watu wengi wa kuigombania. Dennis Ritchie na wenzake wakaingia. Hiyo ndiyo ikawa Unix. Mwaka 1970 wakafanikiwa kuomba kompyuta mpya, PDP-11, kwa ahadi kwamba watatengeneza programu ya kuandikia na kupanga nyaraka. Kompyuta ilifika mwisho wa kiangazi cha huko, lakini diski yake ikachelewa mpaka Disemba. Ritchie mwenyewe amesimulia kwamba miezi mitatu ile mashine ilikaa tu ikihesabu njia za farasi wa sataranji kwenye ubao wa 6 kwa 8. Sisi tulicheka sana hapo. Hata Marekani, kifaa kinafika kipande kipande!

Diski ilipofika ilikuwa ya nusu megabaiti. Tunarudia, nusu megabaiti. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Na juu ya diski hiyo, nusu ya pili ya mwaka 1971, walikuwa wanafanya kazi wachapaji watatu wa idara ya hataza, yaani wale wanaoandika maombi ya kulinda uvumbuzi. Wanachapa mchana kutwa, huku watafiti wanajaribu programu zao mpya kwenye mashine ile ile. Programu moja mbaya ingeweza kuangusha mfumo wote na kazi ya wachapaji pamoja nao. Na kila baada ya masaa machache ya kuchapa, ilibidi nyaraka zitolewe ziwekwe kwenye kanda za sumaku, kwa sababu diski imejaa. Tukimfikiria dada yetu wa Jumatatu, tunawaona wale wachapaji kabisa. Majina yao hatujayakuta popote. Ya Ken na Dennis yako kila kitabu.

Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971. Humo diski ni mbili. Kuna ile ndogo ya haraka, ambayo inabeba mzizi wa mfumo, na kuna nyingine ya kuchomoka, sahani ndani ya kasha, polepole zaidi lakini yenye nafasi. Kompyuta ikiwaka, programu ya kwanza kabisa inayoamka, init, inaichukua ile diski ya pili na kuiweka mahali panapoitwa /usr. Huko ndiko zilikuwa folda za watu: Thompson alikuwa na yake kwa jina la ken, Ritchie kwa jina la dmr.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo wazo lililobeba kila kitu. Kwenye mifumo mingi ya zamani, na hata Windows mpaka leo, diski ya pili ina herufi yake: D, E, F. Mtu akihamishwa kutoka C kwenda D anwani yake inabadilika, na kila programu iliyokuwa inamjua inampoteza. Unix ilifanya tofauti. Kuna mti mmoja tu wa folda, na diski mpya inapachikwa kwenye tawi lolote la mti huo kwa amri ya mount. Anayepita hajui kama amevuka kutoka diski moja kwenda nyingine. Anwani /usr/ken inabaki /usr/ken hata ikiwa diski yenyewe imebadilishwa asubuhi. Nyumba inahama, anwani haihami. Nani kati yetu hangependa hivyo?

Mwaka 1974 Thompson na Ritchie walichapisha makala yao mashuhuri juu ya Unix. Wakati huo walishapata PDP-11/45, na walieleza wenyewe jinsi walivyopanga: mzizi uko kwenye diski ndogo ya megabaiti 1 yenye vichwa visivyotembea, na mafaili ya watumiaji yako kwenye diski kubwa ya megabaiti 40, ambayo inapachikwa mfumo unapowaka. Mpangilio ni ule ule wa kwetu Nyamirambo: diski ndogo ya mfumo, diski kubwa ya watu. Ya kwetu mpya ni kubwa kuliko yao mara elfu 25, na tunaogopa kujaa kama wao walivyoogopa.

Sasa, mfumo wenyewe nao ulikuwa unakua. Kila mwezi kuna amri mpya, kuna maktaba mpya ya programu, na ile diski ya mzizi ni ndogo. Zipelekwe wapi? Wakaangalia nafasi iko wapi, wakaona iko kwa watumiaji. Basi mfumo ukaanza kuhamia kwao. Amri zilizokosa nafasi kwenye /bin zikawekwa /usr/bin. Maktaba zilizokosa nafasi kwenye /lib zikawekwa /usr/lib. Kufikia toleo la 6 la mwaka 1975 mambo hayo yameshakuwa ya kawaida, na wageni wamekaa sebuleni pamoja na wenye nyumba. Kukawa na sharti moja tu: chochote kinachohitajika kabla diski ya pili haijapachikwa lazima kibaki kwenye diski ya kwanza. Amri ya mount yenyewe huwezi kuiweka ndani ya /usr, maana utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Miaka ikaenda, wageni wakajaza nyumba. Mafundi wa kila chuo na kila kampuni wakaanza kuwatafutia watumiaji mahali pengine, huyu aliita /u, yule /usr/home, mwingine /home. Mwishoni mwa miaka ya 1980, toleo la Unix la AT&T lililoitwa System V Release 4 lilishika /home, na Linux ilipokua ikalifuata. Kwa hiyo watumiaji wakatoka, mfumo ukabaki kwenye nyumba yao, na jina lao likabaki mlangoni. Mwaka 2012 Fedora 17 ilimaliza safari hiyo kwa kichekesho: ilihamishia /bin na /lib zote ndani ya /usr, na kule zilikotoka ikaacha vibao tu vya kuelekeza. Leo kwenye Linux nyingi, ile iliyokuwa nyumba ya watu ndiyo mfumo wote.

Kwenye kikundi tulibishana sana juu ya hili. Mmoja alisema ni dhuluma, mwingine akasema hapana bana, watu walipata nafasi kubwa zaidi. Wale wa Gihembe hawakusema kitu mwanzoni. Mnajua Gihembe, ile kambi ya Gicumbi iliyofunguliwa mwaka 1997, ikafungwa mwaka 2021 kwa sababu ardhi ilikuwa inamomonyoka, makorongo yanakula nyumba. Watu walihamishiwa Mahama, kule Kirehe. Mwenzetu mmoja aliyekulia Gihembe akasema yeye swali lake siyo nafasi. Swali lake ni: ulipofika, kila kitu chako bado kinaandikwa kwa jina lako? Tukamwambia subiri, swali hilo hilo ndilo lilitukwamisha Jumanne usiku.

Maana sisi tulikosea. Tukisimulia makosa yetu labda nyie hamtayarudia.

Kwanza mjue kwamba kwenye Unix, kubadilisha jina la faili ndani ya diski moja ni kazi ya sekunde. Faili halisogei, kinachobadilika ni maandishi kwenye daftari la folda. Lakini kutoka diski moja kwenda nyingine haiwezekani hivyo, kila diski ina daftari lake. Lazima unakili kila kitu, baiti kwa baiti, ndipo ufute cha zamani. Hilo halijabadilika tangu 1971. Zilizobadilika ni njia za kunakili. Mwaka 1979 toleo la 7 la Unix lilileta tar, iliyotengenezwa kwa ajili ya kanda, na mafundi wakagundua kwamba unaweza kufunga mzigo upande huu na kuufungua upande wa pili bila kanda yoyote katikati, kwa mstari mmoja wa amri. Watu wengi wamehamishwa nyumba kwa mstari huo. Mwaka 1996 Waaustralia wawili, Andrew Tridgell na Paul Mackerras, walitoa rsync, ambayo ikikatika katikati inaendelea na mafaili yaliyobaki.

Sisi tulijua hayo? Hapana. Tuliingia kama root, mkuu wa mfumo, tukaandika cp -r, tukaenda kulala. Asubuhi tukapachika diski mpya kwenye /home na kufungua mlango. Hakuna aliyeweza kufanya kazi. Baadhi ya mafaili yanasomeka, lakini kuandika hapana, na wengine hawaingii kabisa. Tukaangalia mwenye mali: kila faili, la kila mtu, limeandikwa root. Cp ya namna hiyo haimjali mwenye faili. Anayenakili ndiye anakuwa mwenyewe. Watu 31 walifika kwenye nyumba mpya, vitu vyao vyote vipo, havina hata mkwaruzo, na hakuna kilicho chao.

Tulipona kwa sababu moja: hatukuwa tumefuta ya zamani. Tulichomoa diski mpya kutoka kwenye /home, na kumbe folda za zamani ziko pale pale chini yake, zimefunikwa tu. Tukarudia, safari hii kwa rsync -aHAX, ambayo inabeba faili pamoja na mwenye faili, tarehe, ruhusa na viungo. Na tulihakikisha hakuna mtu aliyekuwa ameingia, kwa sababu ukinakili folda ya mtu anayeandika unapata nusu ya sentensi yake.

Jambo moja la historia hapa lilitushangaza. Mwenye faili haandikwi kwa jina. Anaandikwa kwa namba. Tangu mwanzo ilikuwa hivyo, na kwenye Unix za kwanza namba hiyo ilipewa baiti moja tu, kwa hiyo haikuweza kuzidi 255. Jina lako liko kwenye orodha nyingine, /etc/passwd, na kompyuta inalitafuta humo kila inapotaka kukuita. Ndiyo maana ukichomoa diski yetu ukaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi nyingine, mafaili ya namba 1003 yatakuwa ya mtu wa huko mwenye namba 1003, hata kama hamjawahi kuonana. Nyie mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkihamisha seva, chukueni na orodha ya namba. Msichukue mafaili peke yake.

Kosa la pili lilikuwa dogo lakini lilituchanganya. Diski mpya inafanya kazi, nyumba zimehamia, watu wanaandika, halafu tunapima nafasi na diski ndogo bado imejaa! Tuliona uchawi. Ni zile folda za zamani zilizofunikwa. Huzioni, lakini hazijaondoka, bado zinakula nafasi. Ilibidi tuichomoe diski mpya tena, tuyabadilishe jina mafolda ya zamani, tutengeneze /home tupu, ndipo tupachike.

La tatu, Alhamisi umeme ulikatika. Uliporudi kompyuta haikuwaka mpaka mwisho, ikasimama kwenye maandishi meupe. Tulikuwa tumeandika kwenye /etc/fstab kwamba diski ya nyumba ni sdb. Mtu alikuwa ameacha flashi, flashi ikawahi jina la sdb, diski yetu ikawa sdc, na mfumo ukakataa kuendelea. Dawa yake ni kuandika ile namba ndefu ya utambulisho ya diski yenyewe, ambayo haibadiliki hata ukiihamisha tundu. Ndiyo, hata diski ina namba ya utambulisho kama sisi, na bila hiyo haipiti.

Mliosoma shule za msingi hapa Rwanda mtakumbuka jambo kama hili kwenye vile vikompyuta vya kijani na nyeupe, XO, ambavyo nchi ilianza kugawa kama mwaka 2008. Ndani yake kulikuwa na Linux, na hifadhi ya GB 1 tu kwa mfumo na kwa mtoto. Kwenye matoleo ya mwanzo mtoto akijaza picha na video, kikompyuta kiligoma kuwaka vizuri. Wengi walidhani kimekufa. Kilikuwa kimejaa, na pembeni chini ya skrini kulikuwa na kitundu cha kadi ya SD ambacho karibu hakuna aliyekitumia. Nafasi ya diski ya pili ilikuwepo muda wote.

Kwa sasa mambo yanaenda. Folda za zamani tumeziacha kwenye diski ndogo chini ya jina lingine, na tumekubaliana kuzifuta mwisho wa mwezi ujao kama hakuna atakayelalamika. Kila mmoja wenu mwenye akaunti, tunamuomba apite Nyamirambo, aingie, afungue mafaili yake muhimu, na aangalie kama anaweza kuyaandika, asiishie kuyasoma tu.

Wakati wa kunakili ilijitokeza folda moja ya namba 1007. Ni ya mwenzetu aliyesafiri kwa mpango wa kuhamia nchi ya tatu, ameondoka zaidi ya miaka miwili, na akaunti yake tulishaifuta kwenye orodha. Kwa hiyo kompyuta haina jina la kumuita, inaonyesha namba peke yake. GB 3, nyingi ni picha. Mmoja akauliza kama na hiyo tuihamishe. Tuliihamisha, ikiwa bado na namba yake, na hiyo 1007 hatutampa mtu mwingine. Kama unasoma hapa, tuandikie.